Tarakimu nane mezani: jinsi ya kuijua namba kubwa

Chukua karatasi uandike namba hii: 12252240. Usitie mkato wowote kwanza. Iangalie ilivyo, tarakimu nane zimebanana, urefu uleule wa namba ya simu ya Oman. Watu wengi wakiletewa namba kama hii huinakili tu, wakamaliza. Mimi nataka uiulize maswali: inagawanyika kwa nini, ina vigawo vingapi, ni ya aina gani, jirani zake wakoje. Utatumia kalamu tu, bila kikokotoo, na kazi yote unaweza kuifanya juu ya kaunta ya duka la vipuri mtaa wa Wadi Kabir, hapa Oman, wakati unasubiri mteja.

Kwanza uisome sawasawa, maana hapa mtaani namba moja hukutokea kwa sura tatu. Kwenye bili ya Kiarabu utaiona ١٢٢٥٢٢٤٠. Maandishi ya Kiarabu yanatoka kulia, lakini tarakimu zake husomwa kutoka kushoto kama hizi zetu. Mgeni aliyeshuka juzi kutoka Mombasa au Unguja ajihadhari na kiduara: hicho ni tano, si sifuri. Sifuri ni ile nukta ndogo mwishoni. Kwenye daftari la mfanyabiashara wa Kihindi utaikuta 1,22,52,240, kwa sababu wao baada ya elfu huhesabu kwa laki, na neno letu la laki limetoka kwao hukohuko. Sura ya tatu ndiyo tutakayoitumia, nayo ni 12,252,240, tarakimu tatutatu kuanzia kulia.

Mkato huu wa tatutatu Oman unaushika mkononi kila siku bila kufikiri. Rial moja ni baisa 1,000, kwa hiyo bei huandikwa na tarakimu tatu baada ya nukta. Ukiambiwa gari ni rial 12,252 na baisa 240, umeambiwa baisa 12,252,240. Baisa yenyewe ni ndugu wa neno letu pesa, yote mawili yametokana na paisa ya Bara Hindi. Kwetu pwani wakati wa Wajerumani, mpaka mwaka 1904, rupia ilikuwa pesa 64. Namba 64 ni mbili tupu: 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2, na mtu aliyetaka kugawa rupia kwa watano alikuwa na shida. Baisa 1,000 ni 2 × 2 × 2 × 5 × 5 × 5. Kwa watano inakubali, kwa watatu inakataa. Tabia ya namba huamua nani atapata sawa na nani atabaki na chenji, na ndiyo sababu vigawo vinafaa kujulikana.

Swali la kwanza ni shufwa au witiri. Maneno haya hayamtishi mtu anayesali Isha, ni yaleyale ya rakaa: shufwa inagawanyika kwa mbili, witiri hubaki na moja. Namba yetu inaishia na sifuri, basi ni shufwa. Usiishie hapo. Igawe kwa mbili, ukiona jibu bado ni shufwa ligawe tena, mpaka ukutane na witiri:

12,252,240
6,126,120
3,063,060
1,531,530
765,765

Mtoto wa dada yangu alipofika mstari wa mwisho aliweka kalamu chini. "Mjomba, mbona inajirudia?" Kweli, 765 halafu 765 tena. Nilimwambia asiendelee kugawa, akae na swali lake kwanza, maana ameshika mlango wenyewe.

Namba yoyote ya tarakimu sita inayojirudia hivi, 765,765 au 318,318 au 204,204, ni elfu kadhaa na ileile kadhaa. 765,765 ni 765,000 ukijumlisha 765, yaani 765 mara 1,001. Na 1,001, idadi ya usiku wa Alfu Lela Ulela, ni 7 × 11 × 13. Zidisha mwenyewe uone: 7 mara 11 ni 77, 77 mara 13 ni 1,001. Kwa hiyo siku ukiona gari la mkono wa pili lenye mita ya kilomita 183,183, unajua papo hapo, kabla muuzaji hajafungua boneti, kwamba namba hiyo inagawanyika kwa saba, kwa kumi na moja na kwa kumi na tatu. (Kama mita hiyo ni ya kweli ni swali la fundi.)

Hapa pana kanuni ambayo kwa maoni yangu ingefundishwa kila skuli iliyoko kwenye nchi yenye sarafu ya elfu. Kugawa kwa 7, 11 na 13 ndiko kunakowachosha watoto, kwa sababu hakuna dalili ya tarakimu ya mwisho. Lakini 1,000 ni pungufu ya 1,001 kwa moja tu. Basi ukipima kwa 1,001, kila elfu inahesabika kama moja ya kutoa, na kila milioni kama moja ya kujumlisha. Kwa lugha ya mfukoni: toa rial kwenye baisa, kisha uangalie tofauti. Tuseme una risiti ya rial 38 na baisa 115. 115 toa 38 ni 77. Na 77 inagawanyika kwa 7 na kwa 11, haigawanyiki kwa 13. Basi baisa 38,115 zote zinagawanyika kwa 7 na kwa 11, na kwa 13 hazikubali. Kazi ya sekunde tano. Rial zikiwa nyingi kuliko baisa, geuza, toa ndogo kwenye kubwa, jibu ni lilelile. Zikipita 999, kata tatutatu, halafu toa na ujumlishe kwa zamu kuanzia kulia. Namba yetu: 240 toa 252, jumlisha 12, jibu sifuri. Sifuri maana yake zote tatu zimekubali.

Kwa 3 na 9 jumlisha tarakimu. 1 + 2 + 2 + 5 + 2 + 2 + 4 + 0 ni 18, nayo inagawanyika kwa 9, basi namba nzima inagawanyika kwa 9. Kanuni hii ya tisa ina kazi nyingine dukani. Unafunga hesabu usiku, daftari linasema rial 4,725 na droo ina 4,275. Tofauti ni 450, tarakimu zake zikijumlishwa ni 9. Kabla hujamshuku kijana wa kaunta, tafuta mahali ambapo mtu amepishanisha tarakimu mbili wakati wa kuandika, kwa sababu kosa la kupishanisha tarakimu jirani daima huleta tofauti inayogawanyika kwa tisa. Ukigeuza 72 kuwa 27 umepoteza 45, ukigeuza 91 kuwa 19 umepoteza 72. Kila mara ni tisa mara tofauti ya tarakimu zenyewe. Huu si ushahidi kamili, tofauti inaweza kugawanyika kwa tisa kwa sababu nyingine, lakini ndipo pa kuanzia kutafuta.

Sasa unganisha. Tuligawa kwa mbili mara nne, tukabaki na 765 mara 1,001. 765 inaishia na 5, igawe kwa 5 upate 153, na 153 ni 9 × 17. Basi:

12,252,240 = 2 × 2 × 2 × 2 × 3 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13 × 17

Huu mstari ndio nasaba ya namba. Kila namba nzima inayozidi moja ina mstari wake mmoja tu wa namba tasa, usioshirikiwa na nyingine yoyote. Tunaziita tasa kwa sababu hazizai: 17 haivunjiki ikawa mbili ndogo zaidi zikizidishwa. Usome mstari huo polepole uone kama unaweza kupata ndani yake 6, 8, 10, 12, 14, 15, 16, 18. Zote zimo. Namba hii ndiyo Kigawe Kidogo cha Shirika, ile KDS ya darasani, ya namba zote kuanzia 1 hadi 18. Hakuna namba ndogo kuliko hiyo inayokubali kumi na nane zote. Ya 19 inakataa, inabaki 14.

Kuhesabu vigawo hakuhitaji kuviandika. Mbili zipo nne, kwa hiyo unaweza kuchukua sifuri, moja, mbili, tatu au nne kati yake: njia 5. Tatu zipo mbili: njia 3. Tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu na kumi na saba zipo mojamoja: kila moja njia 2, ama uichukue ama uiache. 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 ni 480. Namba yetu inaweza kugawanywa sawasawa kwa njia 480. Usidhani ukubwa ndio umeipa wingi huo: 10,810,800 ni ndogo kuliko hiyo na ina vigawo 480 vilevile. Mhindi Srinivasa Ramanujan aliandika makala nzima mwaka 1915 juu ya namba ambazo zina vigawo vingi kuliko namba zote zilizo chini yao, na hii 10,810,800 ni mojawapo.

Kazi ya vigawo inaonekana zaidi kwenye mirathi. Mtu amefariki, Mungu amrehemu, baba yake alishatangulia. Ameacha mke, mabinti wawili, mama na ndugu mmoja wa kiume wa baba mmoja na mama mmoja. Baada ya gharama za mazishi, madeni na wasia, zimebaki rial 12,252 na baisa 240. Mke ana thumni, yaani moja ya nane, kwa kuwa marehemu ana watoto. Mabinti wawili wana theluthi mbili. Mama ana sudusi, moja ya sita. Ndugu anachukua kinachobaki. Wanavyuoni wa faraidhi hawaanzi na fedha, wanaanza na namba: ipi ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa 8, kwa 3 na kwa 6? Ni 24. Hiyo ndiyo asili ya mas-ala. Kati ya mafungu 24, mke ana 3, mabinti 16, mama 4, jumla 23, na ndugu amebakiwa na fungu 1.

Gawa sasa 12,252,240 kwa 24. Jibu ni 510,510. Ndugu anapata rial 510 na baisa 510. Mke mara tatu yake, rial 1,531 na baisa 530. Mama rial 2,042 na baisa 40. Mabinti kwa pamoja rial 8,168 na baisa 160, yaani kila mmoja rial 4,084 na baisa 80. Hakuna hata baisa iliyobaki ya kugombewa. Na lile fungu moja, 510,510, linganisha na nasaba tuliyoandika juu: ni 2 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13 × 17, namba tasa saba za mwanzo, kila moja mara moja. Mimi nikiona hivi nakaa kimya kidogo kabla ya kuendelea. Mirathi ya kweli ipeleke kwa kadhi, maana familia zina mambo ambayo mfano hauna, lakini nenda ukiwa umeshajua 24 imetoka wapi.

Baada ya nasaba, uliza aina. Wataalamu walioandika kwa Kiarabu waligawa namba katika makundi matatu: naqis, tamm na zaid, nami nitaziita pungufu, timilifu na zidifu. Jumlisha vigawo vyote vya namba isipokuwa yenyewe. Vikipungua, ni pungufu. Vikilingana, ni timilifu. Vikizidi, ni zidifu. Vigawo vya 6 ni 1, 2 na 3, jumla 6, basi ni timilifu. Ya 8 ni 1, 2 na 4, jumla 7, pungufu. Ya 12 ni 1, 2, 3, 4 na 6, jumla 16, zidifu. Kwa namba yetu usiviandike vigawo 480. Chukua (1 + 2 + 4 + 8 + 16) ambayo ni 31, zidisha kwa (1 + 3 + 9) ambayo ni 13, kisha kwa 6, 8, 12, 14 na 18, ambazo ni 5, 7, 11, 13 na 17 kila moja ikiongezwa moja. Unapata 58,496,256. Toa namba yenyewe, inabaki 46,244,016, zaidi ya mara tatu na nusu yake. Ni zidifu ya kupita kiasi.

Timilifu ni adimu mno. Nne za mwanzo ni 6, 28, 496 na 8,128. Ya tano ni 33,550,336, na katika namba zote za tarakimu nane ni hiyo peke yake, kwani inayofuata ina tarakimu kumi. Simu za mkononi za Oman huanzia 7 au 9, basi hakuna hata moja iliyo timilifu. Ziko pia namba marafiki, mbili ambazo vigawo vya kila moja vikijumlishwa vinaizaa nyingine, kama 220 na 284. Thabit ibn Qurra, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, alitoa kanuni ya kuzitafuta. Baada ya miaka mia nne na ushei Kamal al-Din al-Farisi akaipata jozi ya 17,296 na 18,416. Jaribu 220 na mtoto wako Ijumaa asubuhi, inatosha kipande cha karatasi.

Mambo mengine pita haraka. Je, ni mraba? Namba mraba ikiishia na sifuri, sifuri zake huwa mbili au nne au sita. Yetu ina moja, basi si mraba. Je, inagawanyika kwa jumla ya tarakimu zake? Ndiyo, 12,252,240 kwa 18 ni 680,680, na umeshajua kusoma namba ya sura hiyo.

Kisha geukia jirani, 12,252,239. Yetu inagawanyika kwa kila tasa kutoka 2 hadi 17, basi jirani wa mkono huu na wa mkono ule hawawezi kugawanyika kwa hata mojawapo, watabaki na moja juu au moja chini. Je, 12,252,239 ni tasa? Jaribu 19, inabaki 13. Jaribu 23, inabaki 1, na hapo wengi huchoka wakaitangaza tasa. Jaribu 29: jibu ni 422,491 kamili. Si tasa. Kanuni ya kujua wapi pa kusimama ni kipeuo cha pili. 3,500 mara 3,500 ni 12,250,000, basi kwa namba za hapa ukijaribu tasa zote mpaka 3,500 bila kupata, ndipo una haki ya kusema ni tasa. Kwa namba yoyote ya tarakimu nane kikomo ni chini ya 10,000, na tasa zilizo chini ya 10,000 ni 1,229. Ni jasho, lakini lina mwisho. Namba tasa zenye tarakimu nane ni 5,096,876, takriban moja katika kila kumi na nane. Kwenye orodha yako ya simu yenye watu mia, usishangae watano au sita wakiwa na namba tasa.

Nimeacha la mwisho kwa ajili ya anayetuma na kupokea pesa. IBAN ya Oman, yaani namba ya akaunti ya benki unayotumia kutuma au kupokea pesa, ina herufi na tarakimu 23: OM, tarakimu mbili za ulinzi, tatu za benki, na kumi na sita za akaunti. Zile mbili za ulinzi ni hesabu ya baki. Chukua herufi na tarakimu nne za mwanzo uzipeleke mwisho, andika 24 badala ya O na 22 badala ya M, na utapata namba moja nzima ya tarakimu 25. Igawe kwa 97. IBAN ikiwa sahihi, baki ni 1. Imechaguliwa 97 kwa kuwa ndiyo tasa kubwa kuliko zote za tarakimu mbili, na tasa hiyo haiingii kwenye tofauti yoyote inayotokana na kukosea tarakimu moja au kupishanisha mbili jirani. Ukipishanisha tarakimu, baki ya tisa haibadiliki, lakini baki ya 97 hubadilika, na kosa linakamatwa.

Tuibuni akaunti isiyokuwapo: benki 000, akaunti yenye sifuri kumi na tano na 1 mwishoni, tarakimu za ulinzi 80. Ukipanga upya, sifuri za mbele hazina uzito, inabaki 1,242,280. 97 mara 12,807 ni 1,242,279, baki 1, imekubali. Sasa mtu akakusomea vibaya kwenye simu, ukaandika 2 mahali pa ile 1 ya akaunti: 2,242,280, na baki yake ni 28. Imekataa, pesa bado ziko kwako. Chukua IBAN uliyopewa, ifanyie hivyohivyo kwa vipande: gawa tarakimu tisa za mwanzo kwa 97, weka baki mbele ya tarakimu zinazofuata, endelea mpaka ziishe. Ikitoka 1, tuma. Ikitoka nyingine, mpigie aliyekupa akusomee upya, tarakimu tatutatu.